Binti Anapoikimbia Sahani

Akina mama wenzetu, tumezoea kumwona mtu akikonda kwa njaa, kwa homa au kwa majonzi. Kwamba binti aweza kujinyima chakula huku sufuria imejaa, hata akafa, ni jambo tunalolikataa upesi. Lakini ugonjwa huo upo. Daktari William Gull wa London aliuita anoreksia nevosa katika miaka ya 1870, nao huwapata wavulana pia.

Wengi waliusikia kwa mara ya kwanza alipofariki Karen Carpenter, mwimbaji wa Marekani. Alijinyima chakula kwa miaka, akitumia pia dawa za kuharisha. Mwaka 1982 alilazwa hospitali huko New York, akalishwa kwa mshipa, uzito ukapanda. Tarehe 4 Februari 1983 moyo wake ulishindwa, akiwa na umri wa miaka 32 tu. Tusidanganywe na mizani peke yake.

Moyo nao ni msuli. Mwili usiopata chakula hula misuli yake wenyewe, na moyo hausazwi. Mapigo hupungua, mikono huwa ya baridi hata juani, kichwa huzunguka akisimama. Hedhi hukoma, nywele hukatika, choo huwa kigumu, na mifupa hupoteza nguvu ambazo huenda zisirudi zote. Ubongo nao hushikwa na njaa: binti huwa mkali, hujitenga, na akijitazama kiooni humwona mtu mnene. Ndiyo maana kumwambia "acha maringo, kula" hakufai kitu. Si maringo. Wengine hujificha nyuma ya funga ya maombi. Binti aliyekonda ambaye hafungui aulizwe kwa upole, hata kama kanisa zima linamsifu.

Matibabu huanzia hospitali, kwa kupima uzito, mapigo na damu. Mama asikimbilie kumshindilia ugali na nyama mtoto aliyekaa na njaa kwa majuma. Chakula kingi cha ghafula huweza kushusha madini ya fosfati katika damu, na moyo ukasimama. Aanzishwe kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Hatari ikipita, kazi kubwa iko mezani kwetu, maana hakuna kidonge kinachoponya ugonjwa huu. Utafiti wa hospitali ya Maudsley, London, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba walioanza kuugua kabla ya miaka 19, na hawajamaliza miaka 3 katika ugonjwa, walipata nafuu zaidi familia iliposhirikishwa. Katika matibabu ya namna hiyo wazazi hawalaumiwi. Wao ndio hupakua, milo mitatu na vitafunio katikati, wakakaa na mtoto mpaka amalize. Baba naye akae, tafadhali. Huchukua miezi, pengine mwaka. Baada ya kula, mshikeni kwa mazungumzo saa moja hivi, mkichambua mchele au mkisukana nywele, asipate nafasi ya kwenda kutapika. Akizimia, akilalamikia kifua, au mapigo yakishuka chini ya 50 kwa dakika, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.