Je, Wajua? Kisu Kinapomfuata Fangasi Jichoni

Je, wajua kwamba jani la mahindi linaweza kulipofusha jicho? Konea, ile sehemu ya mbele ya jicho iliyo angavu kama kioo cha saa, ina unene wa takribani nusu milimita tu katikati yake. Ikikwaruzwa na jani, mwiba au kapi la mpunga, fangasi waliokuwa wakijiishia shambani hupata mlango wa kuingilia na kusababisha kidonda. Vinara wao ni Fusarium na Aspergillus. Ndiyo maana anayeugua sana kidonda hiki ni mkulima, tena mwenye umri wa kufanya kazi, yule ambaye nyumba nzima inamtegemea.

Je, wajua kwamba hata kisa cha kwanza kuelezwa kitaalamu kilikuwa cha mkulima? Mwaka 1879 daktari Mjerumani Theodor Leber aliandika habari za mtu aliyerukiwa jichoni na kapi la oti wakati wa kupura nafaka. Kilichoota jichoni kilikuwa Aspergillus.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 yanasema watu zaidi ya milioni 1 duniani hupata ugonjwa huu kila mwaka, na macho kati ya 84,000 na 115,000 hivi huishia kung'olewa. Mzigo mkubwa uko Asia na Afrika. Utafiti uliofanyika Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya vidonda vya konea vilivyofika hospitalini vilitokana na fangasi, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wameshatia dawa za kienyeji kabla ya kumwona daktari.

Je, wajua kwamba kipimo cha kumtambua fangasi ni cha bei nafuu? Daktari hutia ganzi ya matone, anakwangua ukingo wa kidonda kwa ncha ya wembe, anapaka kile alichokipata kwenye kioo cha maabara, kisha anadondoshea potasiamu haidroksaidi. Dawa hiyo huyeyusha chembe za jicho na kumwacha fangasi peke yake. Chini ya hadubini zinaonekana nyuzi zenye matawi. Ni kazi ya dakika chache, lakini wapo wagonjwa wengi wanaotibiwa bakteria wiki mbili tatu bila kukwanguliwa hata mara moja, na kila siku inayopita fangasi anazidi kuzama.

Dawa inayotegemewa zaidi, natamisini, ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa kiumbe mdogo aliyeishi kwenye udongo wa Natal, Afrika Kusini. Dawa hiyohiyo hupakwa juu ya jibini lisiote ukungu. Ukiona E235 kwenye lebo, ndiyo hiyo. Mwaka 2013 yalichapishwa majibu ya jaribio lililofanyika India kwa wagonjwa 323, na natamisini iliishinda vorikonazo, dawa mpya zaidi, hasa pale adui alipokuwa Fusarium. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Hata hivyo, kuipata katika nchi nyingi za Afrika bado ni kazi.

Sasa tuje kwenye kisu. Kwa nini kihitajike ilhali dawa ipo? Kwa sababu natamisini hutibu vizuri juu juu lakini hupenya kwa shida. Fangasi akishafika chini, matone hayamfikii. Madaktari wa Madurai, kusini mwa India, walijaribu kuchoma sindano ya vorikonazo ndani ya konea yenyewe juu ya matibabu ya natamisini, na hawakuona faida.

Je, wajua kwamba fangasi akiitoboa konea, tundu dogo linaweza kuzibwa kwa gundi? Ndiyo, gundi: sayanoakrileti, ukoo mmoja na supaglu ya dukani, ila hii imeandaliwa kwa ajili ya tiba. (Ile ya fundi viatu iache hukohuko.) Likiwa tundu la milimita 1 au 2, daktari hulikausha, anaweka tone la gundi, kisha anafunika kwa lenzi laini ili kope lisikwaruzwe.

Njia nyingine ni kuvuta ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho na kuishonea juu ya kidonda. Mbinu hiyo ilipata umaarufu baada ya daktari Trygve Gundersen wa Marekani kuieleza mwaka 1958. Ngozi hiyo huja na mishipa yake ya damu, kitu ambacho konea haina, na damu ndiyo inayoleta askari wa mwili. Jicho lililofunikwa hivyo halioni vizuri, lakini linabaki mahali pake.

Kubwa kuliko zote ni kupandikiza konea. Hapa wagonjwa wengi huelewa vibaya, na sidhani ni kosa lao. Wanaposikia kupandikizwa konea, wanategemea kuona. Lakini upasuaji unaofanywa kidonda kikiwa bado kinawaka una lengo moja kwanza: kumwondoa fangasi kabla hajaingia ndani ya jicho. Kuona ni hesabu ya baadaye.

Kisu chenyewe ni cha mviringo. Daktari hupima kidonda, kisha anakata nje ya ukingo unaoonekana, nusu milimita hadi milimita nzima kwenye sehemu inayoonekana safi, kwa sababu nyuzi za fangasi hutangulia mbele ya kile ambacho macho yanakiona. Tena fangasi ana uwezo wa kupita kwenye utando wa ndani wa konea bila kuutoboa, utando ambao huwazuia bakteria wengi. Konea iliyooza ikishatoka, chumba cha mbele cha jicho husafishwa. Lenzi asilia, ikiwa nzima, huachwa palepale makusudi iwe ukuta wa kulinda nyuma ya jicho. Konea ya mfadhili hushonwa kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, mara nyingi mishono 16 inayojitegemea mmoja mmoja. Kipande kilichotolewa hakitupwi, kinapelekwa maabara.

Baada ya hapo unaanza mtihani mwingine. Konea ngeni huhitaji steroidi ili mwili usiikatae, na steroidi ndiyo inayomnenepesha fangasi. Kwa hiyo madaktari wengi huzizuia siku za mwanzo na kuendelea na dawa za fangasi, wakijua kwamba konea hiyo inaweza kufifia. Ikififia, jicho likishatulia, hupangwa upasuaji wa pili, na huo ndio wa kutafuta kuona. Kwangu mimi, mgonjwa anastahili kuelezwa habari ya upasuaji wa pili kabla ya kutia saini ya ule wa kwanza.

Je, wajua kwamba upandikizaji wa kwanza wa konea kwa unene wake wote uliofanikiwa kwa binadamu ulifanyika tarehe 7 Desemba 1905? Daktari Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, alimpandikiza kibarua aliyeungua macho kwa chokaa. Konea ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lilikuwa limeshindikana kuokolewa.

Leo kinachokwamisha si mbinu, ni konea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba duniani kuna konea 1 kwa kila watu 70 wanaoihitaji. Kwa kuokoa jicho tu, konea iliyohifadhiwa kwenye gliserini inaweza kutumika, hata kama haitakuwa angavu. Nairobi, hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho ina benki ya macho. Na aliyevaa miwani maisha yake yote bado anaweza kutoa konea zake akishafariki. Kinachopimwa ni uzima wa konea, si ukali wa macho.

Mtu wa mjini asijione yuko salama. Mwaka 2006 Marekani ilithibitisha wagonjwa 164 wa Fusarium katika mlipuko uliohusishwa na maji ya kusafishia lenzi za kuvaa machoni. Theluthi moja hivi walihitaji kupandikizwa konea. Maji hayo yaliondolewa sokoni.

Basi ukipigwa na jani au kapi jichoni, usitie maziwa ya mama, maji ya majani wala matone ya jirani, na duka la dawa lisikuuzie tone lenye steroidi bila cheti cha daktari. Nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo. Ukifika, taja mmea uliokupiga, na uulize kama jicho lako litakwanguliwa na kupimwa.