Figo mpya, virusi vya zamani

Mtu akipandikizwa figo huku kwetu, mazungumzo huishia kwenye harambee na operesheni. Pesa zikipatikana, ndugu akajitolea, na mgonjwa akarudi nyumbani akitembea, watu husema Alhamdulillahi, yamekwisha. Kwa hakika hapo ndipo huanza mengine. Leo nataka tuzungumze juu ya virusi vinavyomwinukia mtu mwenye figo mpya, wakati mwingine vya aina mbili kwa pamoja. Mimi nina diploma ya afya ya jamii, si daktari, kwa hivyo nitasema kwa lugha ya nyumbani.

Jambo hili nimelifikiria sana Nyeri, ambako nina jamaa pale Majengo. Watu wa miji ya Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Nyeri hadi Nanyuki na Meru, wanayajua maradhi ya sukari na presha kama tunavyoyajua sisi Wapwani, na hayo mawili ndiyo huharibu figo za wengi. Serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote mwishoni mwa 2018, Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizochaguliwa, na sababu yake ilikuwa wingi wa maradhi hayo yasiyoambukiza. Mgonjwa wa Nyeri husafishwa damu papo hapo mjini. Lakini kupandikizwa figo ni safari ya Nairobi au Eldoret, kisha arudi kuishi mlimani, kilomita kama 150 kutoka Nairobi.

Sasa virusi vinaingiaje? Mwaka 1954 huko Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walifaulu kupandikiza figo kutoka kwa pacha hadi kwa pacha wake wa kufanana. Mwili haukuikataa kwa sababu uliiona kama yake. Asiye na pacha wa namna hiyo hana budi kumeza dawa za kushusha kinga, kama takrolimasi, kila siku maadamu figo hiyo inafanya kazi. Dawa hizo humzuia mlinzi wa mwili asiipige figo ya mgeni. Lakini mlinzi aliyelegezwa hushindwa pia kuwazuia wezi.

Na wezi wenyewe wengi wamo ndani tayari. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna kirusi kiitwacho CMV, ambacho wengi wetu tulikipata utotoni bila kujua, kikabaki kimelala mwilini. Kinga ikishuka huamka, aghalabu katika miezi sita ya kwanza au dawa ya kukizuia inapokwisha. Huleta homa, uchovu, kuharisha, hata kuumiza mapafu. Kuna BK, kilichopewa herufi za jina la mgonjwa aliyepandikizwa figo, kikaelezwa na wataalamu wa London mwaka 1971. Hiki hujificha kwenye figo na njia ya mkojo. Hakileti homa wala maumivu, kinaila figo kimya kimya, na kipimo cha damu ndicho hukifichua. Kuna Epstein-Barr, kinachoweza kuzaa saratani ya tezi, na kuna homa ya ini ya B.

Vikija viwili ndipo kazi huwa kubwa. CMV chenyewe hudhoofisha kinga zaidi na kuvifungulia njia vingine. Tena matibabu hugongana. Figo ikianza kuzorota, daktari lazima ajue: je, mwili unaikataa, au ni BK? Ikiwa unaikataa, dawa za kushusha kinga huongezwa. Ikiwa ni BK, hupunguzwa, maana hakijapatiwa dawa yake mahususi. Ukikosea, unaipoteza figo. Na dawa ya CMV nayo huweza kushusha chembe nyeupe za damu. Bila vipimo, hata daktari hodari anabahatisha.

Kwa hivyo nina nasaha tatu.

Kwanza, kabla ya operesheni, mtoaji na mpokeaji wapimwe CMV, homa ya ini na Ukimwi, na mgonjwa achanjwe homa ya ini ya B angali anasafishwa damu. Baada ya kupandikizwa, chanjo zenye virusi hai huwa hatari. Hili linawahusu wanaonuia Hija au umra: Saudia hudai cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya, na chanjo hiyo ni ya virusi hai. Muulize daktari wako kuhusu barua ya udhuru kabla hujamlipa wakala.

Pili, homa kwa mtu huyu si ya kumeza panadol na kulala. Apige simu kliniki siku hiyo hiyo. Baridi ya Nyeri ya Juni hadi Agosti, matatu zimefungwa madirisha, mafua ya mwenzake yanaweza kumlaza yeye hospitalini, basi avae barakoa bila haya. Asipunguze dawa mwenyewe, wala asichanganye na mitishamba. Mwezi wa Ramadhani asifunge kabla ya kuzungumza na daktari, kwani dozi zikirukwa mwili huikataa figo, na tiba ya hapo huishusha kinga zaidi, virusi vikapata nafasi.

Tatu, kamati ya harambee isivunjwe siku ya operesheni. Iweke fungu la vipimo na dawa za mwaka wa kwanza.

Kaunti nazo zina wajibu. Damu ya mgonjwa wa Nanyuki ichukuliwe Nanyuki, ipelekwe Nairobi, majibu yarudi kwa simu. Anayestahili kusafiri ni chupa ya damu, si mgonjwa aliyeshushwa kinga, ndani ya gari lililojaa watu wanaokohoa. Na sisi wa Lamu, Kwale na Tana River tuwaulize magavana wetu swali hilo hilo.