Kidonda cha Upasuaji wa Utumbo: Haya Isimwangamize Mgonjwa Wetu

Miongoni mwa maradhi ambayo familia zetu huyataja kwa kunong'ona ni yale ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa. Mgonjwa huona haya kusema, na mke au binti anayemuuguza huona haya kuuliza. Hata baada ya upasuaji, kidonda kinapoanza kutoa usaha, jambo hufichwa chini ya shuka mpaka hali iwe nzito. Haya ni pambo la Muislamu, lakini haikuwekwa imwangamize. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili waziwazi.

Mwenyezi Mungu ameujaalia utumbo mpana kuwa makao ya bakteria wengi mno. Gramu moja ya kinyesi yaweza kubeba bakteria bilioni mia moja. Wakiwa mahali pao, wengi wao hawatudhuru, na baadhi hutunufaisha kwa kututengenezea vitamini K. Lakini bakteria hao hao, kama vile Escherichia coli na Bacteroides fragilis, wakitoka utumboni na kuingia katika nyama, damu au uwazi wa tumbo, hugeuka kuwa maadui. Hapo ndipo ulipo ugumu wa upasuaji huu. Anayepasuliwa ngiri huenda utumbo wake usifunguliwe kabisa, lakini anayeondolewa saratani ya utumbo mpana hana budi kukatwa utumbo wenyewe kisha kushonwa.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliohusisha zaidi ya wagonjwa 12,000 wa upasuaji wa tumbo katika nchi 66. Katika nchi zilizoendelea, wagonjwa 9 hivi kati ya 100 walipata maambukizi ya kidonda ndani ya siku 30; katika nchi zenye maendeleo duni walikuwa 23. Pengo hilo lilipungua lakini halikwisha hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za wagonjwa na za upasuaji waliofanyiwa.

Njia za kupunguza hatari zipo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza mgonjwa apewe viuavijasumu ndani ya saa mbili kabla ya kisu kugusa ngozi. Kwa upasuaji wa utumbo mpana uliopangwa mapema, lilieleza kuwa haluli ya kusafisha tumbo isitolewe peke yake, bali iambatane na viuavijasumu vya kumeza. Mwaka 2022 utafiti mwingine, uliofanywa katika nchi saba zikiwemo Rwanda, Ghana na Nigeria, ulionyesha kwamba madaktari wakibadilisha glavu na vifaa kabla ya kulifunga tumbo, maambukizi hupungua kutoka wagonjwa 19 hivi kati ya 100 hadi 16. Familia ina haki ya kumuuliza daktari, kwa adabu, kuhusu mambo haya, na kuuliza si kumkosea heshima.

Nasi nyumbani tuna sehemu yetu. Mgonjwa aoge vizuri kwa sabuni kabla ya kwenda kupasuliwa. Kunyoa ni katika sunna za maumbile, lakini asinyoe tumbo wala sehemu za siri kwa wembe upasuaji unapokaribia, kwani wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo bakteria hujificha. Ikiwa nywele ni lazima ziondolewe, wahudumu watazipunguza kwa mashine. Mwenye kisukari aidhibiti sukari yake, na mvutaji sigara aache mapema, wiki nne au zaidi kabla ya siku yenyewe.

Akisharudi nyumbani, kila anayegusa kidonda aoshe mikono kwa sabuni, kabla na baada. Kumzuru mgonjwa ni ibada, lakini wageni wasikae kitandani pake wala wasifunue bendeji ili waone mshono. Tusipake kidondani asali, manjano wala mafuta ya habasoda bila idhini ya daktari. Wala tusimpe viuavijasumu vilivyobaki kwa jirani, kwani dawa isiyolingana na maradhi huwazoesha bakteria na huchelewesha tiba.

Kwa muda wa siku 30 tuwe macho. Kidonda kikiwa chekundu na cha moto, kikivimba, kikitoa usaha au harufu mbaya, au mshono ukiachia, mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Dalili nzito zaidi ni homa, tumbo kujaa na kuuma zaidi badala ya kupoa, kutapika, na moyo kwenda mbio. Huenda pale utumbo uliposhonwa panavuja, na uchafu unamwagika ndani ya tumbo. Mara nyingi jambo hili hutokea katika wiki ya kwanza au ya pili. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Wako wanaoficha hali zao kwa kuhofia swala. Wajue kuwa sharia ina wepesi. Asiyeweza kutia maji kidonda anayo ruhusa ya kupangusa juu ya bendeji au kutayamamu, na aliyewekewa mfuko wa kupokea haja tumboni huhesabiwa miongoni mwa wenye udhuru. Namna ya kutekeleza hayo aulize sheikh wake, wala asiache swala na asiache tiba.

Mama, dada, ukiwa wewe ndiwe unayemuuguza, kitazame kidonda kila kinapofunguliwa, na unaloliona mwambie daktari kama lilivyo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalipe wanaowauguza. Amin.