Kamina: Neno moja la chama, vifungu 229 vya katiba

Ofisi ya gavana, bunge la jimbo na wizara za jimbo zilizoko Kamina leo zina chimbuko moja: kifungu cha 2 cha katiba ambayo raia wa Kongo waliipigia kura tarehe 18 na 19 Desemba 2005. Kifungu hicho kinataja majimbo ya nchi moja kwa moja, na Haut-Lomami ni mojawapo. Lakini siku ile hakuna aliyeulizwa kuhusu Haut-Lomami peke yake. Swali lilikuwa moja kwa vifungu vyote 229, na jibu lilikuwa Ndiyo au Hapana.

Sasa vyama vimerudia mjadala wa katiba, na kila kimoja kina neno lake la kuwapa wafuasi. Kwa wakaaji wa Kamina, yaliyotokea baada ya kura ya 2005 yanaonyesha kwa nini neno la chama peke yake halitoshi.

Mwaka ule, vyama vikubwa vilivyokuwa serikalini wakati wa mpito viliimba wimbo mmoja. PPRD ya Joseph Kabila, MLC ya Jean-Pierre Bemba na RCD ya Azarias Ruberwa, ambao walikuwa wamepigana vitani miaka michache tu nyuma, wote waliwaomba raia wapige Ndiyo. UDPS ya Étienne Tshisekedi ilishika njia nyingine. Haikuomba Ndiyo wala Hapana. Iliwaambia watu wake wasishiriki kabisa, kwa sababu haikuukubali mpango mzima wa mpito.

Tume Huru ya Uchaguzi, iliyoongozwa na padri Apollinaire Malumalu, ilitangaza matokeo: Ndiyo asilimia 84.31, Hapana asilimia 15.69. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 62 ya walioandikishwa. Mashariki mwa nchi Ndiyo ilishinda kwa kishindo. Wengi hawakuwa wamesoma maandishi yenyewe, kwa maana nakala zilifikia watu wachache. Walichokijua ni kwamba nchi imechoka na vita, na kwamba bila katiba hakuna uchaguzi. Kwa ajili ya amani, sababu hiyo ilikuwa na uzito wake. Katiba ilitiwa sahihi na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006.

Ndani ya Ndiyo ile mlikuwa na mambo mengi ambayo kampeni haikuyafafanua. Kimoja kilikuwa mgawanyo wa majimbo. Nchi ilipaswa kutoka majimbo 11 na kufikia 26, na Katanga kukatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami. Kifungu cha 226 kilitoa muda wa miezi 36 baada ya taasisi mpya kuanza kazi.

Miezi hiyo ilipita, na jimbo jipya halikuonekana. Januari 2011, Bunge la taifa na Seneti walikutana pamoja na kubadilisha vifungu vinane. Watu wengi wanakumbuka kimoja tu kati ya hivyo, kile kilichofanya uchaguzi wa rais uwe wa duru moja. Lakini cha 226 nacho kilikuwamo: muda wa miezi 36 uliondolewa, na jambo likaachiwa sheria itakayokuja baadaye. Raia waliopiga kura 2005 hawakuulizwa tena. Kifungu cha 218 kinaruhusu hivyo: marekebisho hayahitaji kura ya maoni ikiwa wabunge na maseneta, wakiwa wamekusanyika pamoja, wanayapitisha kwa wingi wa tatu kwa tano, yaani watatu kati ya kila watano.

Sheria hiyo ilikuja Februari 2015, na mwaka huohuo Katanga ikagawanywa. Kamina, iliyokuwa makao makuu ya distrikti, ikawa makao makuu ya jimbo lenye wilaya tano: Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu. Wapo waliofurahi, kwa maana Lubumbashi iko mbali na safari ya treni ya SNCC ni ndefu. Wapo pia waliopinga vikali, na aliyesikika zaidi alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, kiongozi wa UNAFEC, ambaye aliitaka Katanga ibaki moja.

Hofu ya wapinzani ilihusu mfuko. Shaba na kobalti, ambazo zinaleta pesa nyingi, zilibaki Lualaba na Haut-Katanga. Haut-Lomami ilibaki na mashamba, samaki wa maziwa ya Upemba, reli na bati ya Malemba-Nkulu. Jimbo la namna hii linategemea kifungu cha 175, kinachosema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo na inabaki hukohuko yanakokusanywa. Kwa vitendo, Kinshasa ndiyo inayopokea kwanza na kugawa baadaye, na magavana wa nchi nzima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba asilimia hiyo haifiki.

Ni katika hali hiyo mjadala ulirudi. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema katiba ya sasa haiendani na hali ya nchi na akatangaza kwamba tume itaundwa kuichunguza. Chama chake, UDPS, ambacho 2005 kilisusia, sasa ndicho kilicho mbele kutaka mabadiliko. Upande wa pili, Moïse Katumbi, Martin Fayulu, Delly Sesanga na watu wa Joseph Kabila wanakataa, wakisema lengo ni kumpa rais muhula wa tatu. Maaskofu wa CENCO nao walionyesha kutokubali. Hivyo waliosusia wamekuwa watetezi wa kubadilisha, na walioomba Ndiyo ya 2005 wamo miongoni mwa wanaoilinda. Vyama vinageuka kadiri viti vinavyogeuka.

Mabishano mengi yanahusu mihula ya rais. Mtu wa Kamina ana sababu ya kutazama pia sehemu nyingine ya kifungu cha 220, kile kilichofungwa kwa kufuli. Kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula, lakini vilevile kinakataza marekebisho yoyote yanayopunguza haki za raia au mamlaka ya majimbo. Kufuli hiyo inafanya kazi katiba ikirekebishwa. Ikiandikwa katiba mpya kabisa, kifungu cha 220 kinaondoka pamoja na vingine vyote, na orodha ya majimbo, asilimia 40 na mamlaka ya bunge la jimbo vinaandikwa upya. Historia inajua jambo hili: jimbo la Nord-Katanga lilikuwapo miaka ya 1960, na Mobutu alipopunguza majimbo, likafutwa.

Kwa hiyo, chama kikija na neno lake, kuna maswali ya kukiuliza kabla ya kuitikia. Kinataka kurekebisha au kuandika katiba mpya? Kifungu gani hasa? Asilimia 40 itabaki, itaongezwa au itaondolewa? Haut-Lomami itaendelea kuandikwa kwa jina? Kura itafanyika lini, hali kifungu cha 219 kinakataza marekebisho wakati wa vita au hali ya dharura, na Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021? Na ikiwa ni Hapana, chama kinapendekeza nini kuhusu pesa za jimbo zisizofika?

Mwaka 2005 Kamina ilijibu neno moja. Ilichukua miaka kumi kwa jimbo lililokuwa ndani ya neno hilo kuanza kazi, na asilimia 40 iliyokuwa ndani ya neno hilohilo bado inasubiriwa.