Je, Wajua? Mama Yupo, Taa Haijui

Je, wajua kwamba ile sensa nyeupe yenye kuba dogo, inayouzwa madukani kwa jina la "sensa ya mtu", haijui kama chumbani kuna mtu? Inachojua ni kwamba kitu chenye joto kimesogea mbele yake. Ukitulia, kwake wewe na kochi ni mamoja.

Nililiona hili kwa macho yangu Raskazone, hapa Tanga, nyumbani kwa mama. Nilimfungia sensa ya aina hiyo chumbani asihangaike kupapasa swichi usiku, nikaitegesha dakika moja. Wakati wa Isha mambo yalikwenda vizuri: anasimama, anarukuu, anasujudu, taa inawaka. Alipotoa salamu akakaa na tasbihi yake kuvuta uradi, na hapo kilichosogea kilikuwa kidole gumba peke yake, kikisukuma punje moja baada ya nyingine. Dakika ikapita, giza. Akapunga mkono, taa ikawaka. Ikapita nyingine, giza tena. "Mwanangu," akaniambia, "taa yako hii nikitulia tu inadhani nimekufa."

Kuna sensa ya mwendo, ndiyo hii ya kuba, na kuna sensa ya uwepo, inayomtambua hata aliyetulia. Ukinunua moja ukidhani ni nyingine, anayeumia ni yule anayekaa sana: mzee, mgonjwa, mwanafunzi aliyeinamia daftari.

Kamusi zinatupa neno "kihisi", lakini mafundi wa Tanga wanasema sensa, nami nawafuata. Na je, wajua kwamba sensa ile nyingine, ya watu na makazi, inauliza swali hilihili la uwepo? Katika sensa ya 2022, siku ya tarehe 23 Agosti, karani hakuuliza nani anapitapita hapa. Aliuliza nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ya sensa. Aliyelala fofofo alihesabiwa sawa na aliyekesha, na jumla ikawa watu 61,741,120.

Turudi kwenye sensa ya ukutani. Ile ya mwendo haitoi mwale wowote. Inapokea tu mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kuweka vipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga uliopita kwenye prizimu. Ndani yake mna vipande viwili vidogo vilivyounganishwa kwa kupingana. Joto likivipata vyote sawasawa, vinafutana na sensa inanyamaza. Mtu akipita, kimoja kinapata joto kabla ya mwenzake, na tofauti hiyo ndiyo inayowasha taa. Mtu asiyesogea hana tofauti ya kutoa.

Chatu wa porini kwetu alijaaliwa jambo la namna hiyo zamani. Ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto la panya gizani.

Na kuba lile la plastiki si mfuniko wa kuzuia vumbi. Liangalie karibu, uligeuze kwenye mwanga: utaona limegawanyika vijumba vijumba, kila kijumba kina mistari ya duara iliyochongwa. Hiyo ni lenzi ya Fresnel. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel aliibuni kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, na ya kwanza iliwekwa katika mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Kwa hiyo mtu wa Tanga anayeujua mnara wa taa wa kisiwani Ulenge ana mahali pa kuanzia: fikiria mnara uliogeuzwa. Lenzi ya mnara inakusanya mwanga wa taa na kuutupa mbali baharini. Lenzi ya sensa inakusanya joto la chumba kizima na kulileta kwenye vipande viwili vidogo kuliko punje ya mchele.

Je, wajua kwamba sensa ya mwendo humwona vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja? Anayekatiza anavuka vijumba vingi vya lenzi kwa hatua chache. Anayeijia anabaki ndani ya kijumba kilekile. Kwa hiyo getini usiielekeze njia mtu anakotokea, ifunge ubavuni.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo maelezo ndani ya boksi hayamwambii mtu wa pwani. Ngozi ya binadamu ina joto la nyuzi 33 hivi. Chumba chenye nyuzi 20 kinamfanya mtu aonekane kama kaa la moto kwenye majivu. Tanga miezi ya Januari hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na ukuta uliopigwa na jua tangu asubuhi unaweza kulipita. Mtu na ukuta vinalingana. Sensa iliyosifiwa kuona mita 7 inaweza kuanza kukukosa ukiwa karibu zaidi ya hapo. Usiku, hewa ikipoa, macho yake yanarudi. Ndiyo maana sensa ya mwendo inatufaa sana kwa taa, kwa kuwa taa ni za usiku, lakini ukiikabidhi pangaboi la saa nane mchana itakuzimia upepo saa ileile unayouhitaji kuliko zote. Naomba kila fundi anayefunga vitu hivi katika nyumba za Chumbageni, Ngamiani na Raskazone alizingatie hili kabla ya kutoboa ukuta.

Kioo hakipitishi joto la mwili, hivyo sensa ya mwendo iliyo nyuma ya dirisha ni kipofu. Chandarua nacho kinalipunguza.

Je, wajua kwamba sensa ya uwepo inafanya kazi kama popo? Nenda mapango ya Amboni jioni uwatazame wanavyotoka. Popo mla wadudu hangoji mbu ajitokeze. Anapiga sauti tusiyoisikia, anasikiliza mwangwi, anajua mdudu yuko wapi na anaelekea wapi. Sensa ya uwepo ni rada ndogo inayofanya hivyo kwa mawimbi ya redio, mara nyingi ya gigahezi 24 au 60. Kwenye gigahezi 24 wimbi moja lina urefu wa milimita 12.5, na kwenye 60 ni milimita 5. Wimbi fupi kiasi hicho linatambua msogeo mdogo sana. Na binadamu hai, hata akae kama gogo, ana msogeo mmoja asioweza kuuzuia kwa muda mrefu: kifua kinapanda na kushuka milimita kadhaa kila anapovuta pumzi. Rada inaisoma pumzi hiyo. Kwake mama na tasbihi yake yupo, maana anapumua.

Lakini rada nayo ina udhaifu wake, na pwani unajitokeza mapema. Pangaboi linasogea. Pazia linalopeperushwa na kusi linasogea. Nguo kwenye kamba ya barazani, vivyo hivyo. Sensa ya mwendo haishtuliwi kirahisi na mapanga ya feni, kwa sababu yana joto la chumba chenyewe. Rada haijali joto, inajali kinachosogea, nayo itaapa kwamba chumbani kuna mtu hadi umeme ukatike. Watu wengi huirudisha dukani wakisema mbovu, kumbe waliifunga darini pembeni ya pangaboi.

Dawa ipo, na haihitaji fedha. Chukua mfano wa LD2410, kijibao chembamba chenye upana kama wa kidole, ambacho ni miongoni mwa rada za bei nafuu zinazotumika sana. Inaugawa umbali katika vipande vya sentimita 75, na kila kipande unaweza kukiwekea ukali wake. Ifunge ukutani kwenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, itazame kitandani au kwenye viti, mapanga yabaki juu nje ya uelekeo wake. Kisha kipande chenye dirisha na pazia kipunguzie ukali. Jaribu kitu kimoja kimoja: washa feni, toka nje, tazama kama taa inazima. Fungua dirisha, toka tena. Kazi ya nusu saa.

Rada ya namna hii inapenya kitambaa na mbao nyembamba. Kwa chandarua ni faida kubwa, maana aliyelala ndani anaonekana. Kwa ukuta wa mbao laini au jipsamu ni hasara, unaweza kuwasha taa ya chumba chako kwa pumzi za mpangaji wa pili. Ukuta mnene wa mawe wa nyumba za zamani unaidhoofisha sana. Bati linairudisha kama mpira.

Kuhusu umeme, hesabu inasema yenyewe. Sensa ya mwendo ya HC-SR501, ile ya kuba yenye vifundo viwili vya rangi ya chungwa unavyozungusha kwa bisibisi, inakunywa takriban mikroampia 65. LD2410 inakunywa karibu miliampia 79, zaidi ya mara elfu moja. Betri ya miliampia-saa 2,000 ingeilisha ya kwanza, kwa hesabu ya kalamu, zaidi ya miaka mitatu. Ya pili ingeimaliza ndani ya saa 26. Kwa hiyo rada hufungwa kwa waya, na getini au bandani kusikofika waya, sensa ya mwendo haina mpinzani.

Gharama ya waya huo isikutishe. Rada hiyo ikiwaka mwaka mzima inatumia yuniti 3 na nusu hivi. Kwa kundi la T1 la bei za umeme, shilingi 292 kwa yuniti ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 zinakuwa kama 356, yaani rada inakula shilingi 1,250 hivi kwa mwaka. Pangaboi la wati 75 likisahaulika saa 8 kila siku linakula yuniti 18 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 6,400. Hiyo ni LUKU ya mtu inayopulizia chumba kitupu.

Je, wajua kwamba Raskazone yenyewe imewahi kushuhudia watu wakichanganya utulivu na utupu? Mapema Novemba 1914 jeshi la Uingereza lililotoka India, karibu wanajeshi 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilishushwa pwani hii. Mji ulikuwa kimya, na Aitken aliamini ulinzi wake ni hafifu. Hakupeleleza ipasavyo. Huku nyuma kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa akileta askari wake kwa reli kutoka Moshi, wengi wao Waafrika, jumla yao kama 1,000. Yeye hakutosheka na ukimya. Usiku aliingia mjini kwa baiskeli, akateremka kuelekea pwani kujionea nani yupo. Waingereza walipigwa, nyuki waliochokozwa na risasi wakawaongezea madhila, na tarehe 5 Novemba wakapanda meli zao kuondoka. Ninapopita barabara ya ufukweni naikumbuka baiskeli ile.

Mjusi kafiri akitembea juu ya kuba la sensa ya mwendo anaweza kuwasha taa ya uani saa tisa usiku. Si jini, ni mjusi. Futa kuba kwa kitambaa laini, na chumvi ya bahari uitoe papo hapo.

Umeme ukikatika na kurudi, sensa nyingi za mwendo zinahitaji kama dakika nzima kuzoea joto la chumba, na huwasha ovyo kwa muda huo. Zipe nafasi.

Silikanti, samaki wetu wa kale ambaye hifadhi ya bahari ya Tanga ilianzishwa kwa ajili yake mwaka 2009, ana kiungo puani ambacho wanasayansi wanaamini kinahisi umeme wa viumbe wengine. Hiyo ni njia ya tatu ya kujua nani yupo, mbali na joto na mwangwi.

Rada haipigi picha, na hilo linaifanya ifae chumbani na chooni ambako kamera ni haramu. Hata hivyo habari kwamba nyumba ina mtu au haina ni habari nyeti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kabla ya kuunganisha sensa na waifai, uliza taarifa zake zinakwenda wapi. Zinazobaki ndani ya nyumba ndizo ninazopenda mimi.

Kwa mama nimeziweka zote mbili. Koridoni na njia ya chooni iko ya mwendo, kwa kuwa hakuna anayekaa pale. Chumbani ya mwendo inawasha taa mara anapoingia, kisha rada inaishikilia, na nimeikomesha kwenye mita 3 isifike dirishani. Uradi sasa unaisha taa ikiwaka. Usiku wa kwanza aliniita akiwa ameshalala, chandarua kimeshushwa, taa inammulika usoni. "Mwanangu, hii nayo haizimi?" Rada ilikuwa sahihi, mama alikuwemo na alikuwa anapumua. Kwamba anataka kulala, haikuwa na namna ya kujua. Asubuhi yake nilimfungia swichi ya kawaida kando ya kitanda, mkono unapofikia.