Mashabiki walivyoomboleza mji wao wa mtandaoni ulipozimwa

USIKU wa Novemba 30, 2012, maelfu ya watu kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko walikusanyika katika mji usiopatikana kwenye ramani yoyote ya dunia. Walikuja kuagana.

Mji huo ni Paragon City, mji wa kubuni uliokuwa ndani ya mchezo wa tarakilishi uitwao City of Heroes, yaani Jiji la Mashujaa. Ilipotimia saa sita za usiku kwa saa za California, kampuni iliyomiliki mchezo huo ilizima mitambo yake. Mji uliokuwa umedumu kwa zaidi ya miaka minane ukatoweka, na kwenye vioo vya tarakilishi za mashabiki kukabaki ujumbe mfupi tu wa kuarifu kwamba mawasiliano yamekatika.

Kwa asiyeijua michezo ya aina hii, kilio cha mashabiki hao huenda kikafanana na cha mtoto aliyepokonywa mwanasesere. Hata hivyo, kisa chao kinagusa suala linalomhusu kila anayetumia intaneti. Je, ni nani mwenye mali na kumbukumbu zinazohifadhiwa katika mitambo ya kampuni? Na watu hubaki na nini kampuni hiyo inapoamua kufunga milango?

City of Heroes ulizinduliwa Aprili 2004. Uliundwa na kampuni ya Cryptic Studios ya California na kusambazwa na kampuni ya NCsoft ya Korea Kusini, ambayo mnamo 2007 ilinunua haki zote za mchezo wenyewe. Kwa miaka mingi wachezaji walitozwa ada ya takriban dola 15 kwa mwezi, hadi mwaka wa 2011 ambapo waliruhusiwa kucheza bila malipo na kununua tu vikorombwezo walivyovitaka.

Kila mchezaji alijibunia shujaa wake. Alimchagulia jina, mavazi, nguvu za ajabu na historia ya maisha, kisha akamtuma mitaani kupambana na wahalifu. Wapo waliotumia saa nzima kuchagua rangi ya joho kabla hata ya kuanza kucheza, na wapo waliokuwa na mashujaa kumi au zaidi, kila mmoja na kisa chake.

Lakini kilichowafunga watu katika mchezo huu zaidi ya mapigano ni jinsi ulivyopangwa. Katika michezo mingi ya aina hiyo wakati huo, mgeni hakuweza kucheza na mkongwe, kwani adui wa mkongwe angemwangamiza mgeni kwa pigo moja. City of Heroes ulikuwa na utaratibu uliomwezesha mkongwe kumwinua mgeni kwa muda, hadi kiwango kinachokaribiana na chake, ili wapigane bega kwa bega.

Kwa hivyo mzazi aliweza kucheza na mwanawe, na mfanyakazi aliyepata saa moja tu kwa siku aliweza kuandamana na rafiki asiye na kazi nyingine. Watu waliunda vikundi, vikundi vikajenga makao yao, na ndani yake kukafanyika sherehe, mashindano ya mavazi na hata harusi za mashujaa. Miaka ilivyosonga, wengi waliingia mjini kuwasalimu wenzao tu, wala si kupigana.

Urafiki wa namna hii si wa kudhihakiwa. Mfano ulio maarufu zaidi unatoka kwenye mchezo mwingine, World of Warcraft. Mats Steen, kijana wa Norway aliyeugua maradhi ya kudhoofika kwa misuli, aliaga dunia mnamo 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba mwana wao aliishi na kufa mpweke, kwani siku zake alizimaliza mbele ya tarakilishi.

Walipotangaza kifo chake, walipokea rambirambi nyingi kutoka kwa watu wa mataifa mbalimbali ambao Mats alicheza nao, akawasikiliza na kuwashauri katika shida zao. Baadhi walifunga safari hadi Norway kumzika. Kisa chake kilisimuliwa katika filamu iliyotolewa mnamo 2024, nayo ikawafumbua macho wengi waliodhani kwamba marafiki wa mtandaoni si marafiki.

Sasa, mji wa aina hii hufaje? Ili kuelewa, ni lazima kutofautisha mchezo wa mtandaoni na bidhaa za kawaida. Aliyenunua ubao wa bao na kete zake ataendelea kucheza hata fundi aliyeuchonga akiacha kazi. Aliyenunua kitabu atakisoma hata mchapishaji akifilisika.

Mchezo wa mtandaoni ni tofauti. Programu iliyo katika tarakilishi ya mchezaji ni kama dirisha tu. Mji wenyewe, mashujaa wote, mali zao na kumbukumbu za walichokifanya huhifadhiwa katika mitambo mikuu, ijulikanayo kama seva, inayosimamiwa na kampuni. Dirisha hilo halionyeshi chochote mitambo inapozimwa, hata kama mteja angali na sahani aliyoinunua dukani.

Mitambo hiyo ina gharama. Inahitaji umeme, mahali pa kuwekwa, wahandisi wa kuirekebisha na wahudumu wa kusikiliza malalamishi ya wateja. Mapato yanapopungua, au kampuni inapoona kwamba fedha zake zingezaa zaidi kwingine, mchezo huwekwa kwenye orodha ya kufungwa, japo bado una maelfu ya wapenzi. Hesabu za mhasibu hazina safu ya kuandikia urafiki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa City of Heroes. Mnamo Agosti 31, 2012, NCsoft ilitangaza kwamba inaufunga mchezo huo pamoja na Paragon Studios, kitengo kilichouendesha, kwa sababu ya mabadiliko ya mwelekeo wa kampuni. Wafanyakazi walipoteza kazi na mashabiki wakapewa takriban miezi mitatu ya kuaga.

Mashabiki hawakukubali kwa urahisi. Walitia saini ombi lililokusanya zaidi ya majina 20,000. Waliandika barua, na baadhi yao wakaitumia kampuni majoho na barakoa za mashujaa kwa njia ya posta. Mwandishi wa riwaya Mercedes Lackey, aliyekuwa mchezaji pia, aliunga mkono kampeni hiyo.

Mnamo Septemba mashujaa walifurika katika mtaa wa Atlas Park, mbele ya sanamu kubwa ya Atlas aliyebeba dunia mabegani, wakiwa wameshika mienge. Walikuwa wengi mno hata mitambo ikalazimika kufungua nakala nyingi za mtaa huohuo ili wote wapate nafasi. Yalikuwa maandamano ya amani yaliyofanyika ndani ya mji wenyewe uliokuwa ukihukumiwa.

Kampuni haikubadili msimamo. Majuma ya mwisho yakageuka kuwa matanga. Watu waliokuwa wameacha kucheza kwa miaka walirejea kuwatafuta wenzao wa zamani. Walipiga picha za mashujaa wao, wakabadilishana anwani za barua pepe na majina halisi ambayo pengine hawakuwahi kuambiana.

Wajuzi wa tarakilishi miongoni mwao walifanya kazi nyingine muhimu. Chini ya mwavuli wa Titan Network, walitengeneza programu ndogo iliyomwezesha mchezaji kunakili taarifa za shujaa wake na kuzihifadhi nyumbani. Wakati huo faili hizo hazikuwa na kazi yoyote, kwa kuwa hapakuwa tena na mji wa kuzipokea. Hata hivyo, watu walizihifadhi jinsi mtu anavyohifadhi picha ya marehemu.

Baada ya mazishi, jamaa walitawanyika. Wengine walihamia michezo mingine kwa vikundi, wakagundua kwamba nyumba mpya haina harufu ya ile ya kale. Wengine waliamua kujijengea mji wao. Mradi mmoja, City of Titans, ulikusanya zaidi ya dola 600,000 kutoka kwa mashabiki mnamo 2013, lakini ujenzi wa dunia kama hiyo kwa nguvu za watu wa kujitolea umekwenda kwa mwendo wa kobe.

Kisha, Aprili 2019, ikafichuka siri iliyowashangaza wote. Kikundi kidogo cha mashabiki kilikuwa kimepata nakala ya programu asilia ya mchezo huo, na kwa miaka kadhaa kilikuwa kikiuendesha kwa faragha, kwa wachache walioalikwa na kuapa kunyamaza.

Habari hizo zilizua furaha na hasira kwa pamoja. Wengi waliuliza iweje wenzao wawaache wakiomboleza ilhali marehemu yu hai chumbani. Wahusika walijitetea kwamba walihofia kushtakiwa, kwani haki za mchezo zilikuwa bado mikononi mwa NCsoft, na kesi moja tu ingeufuta kabisa.

Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Shinikizo lilipozidi, programu hiyo iliachiliwa kwa umma na katika muda wa majuma machache miji kadhaa ikafunguliwa upya. Mkubwa zaidi uliitwa Homecoming, yaani kurejea nyumbani. Unaendeshwa na watu wa kujitolea, kwa michango ya mashabiki, na haumtozi mchezaji ada.

Kwa karibu miaka mitano Homecoming uliishi kwa wasiwasi wa mpangaji asiye na mkataba. Hatimaye, mnamo Januari 2024, NCsoft iliwapa waendeshaji wake leseni rasmi. Kampuni iliyouzima mji mnamo 2012 ikawa imewaruhusu raia wake kuuendesha wenyewe. Ni tukio la nadra katika biashara hii.

Wengi hawakubahatika hivyo. Club Penguin, mchezo wa watoto ulioanzia Canada mnamo 2005 na kununuliwa na Disney mnamo 2007 kwa dola milioni 350, ulifungwa Machi 2017. Kizazi kizima cha watoto waliokuwa wamekua kikarudi kwa siku chache kuwaaga pengwini wao.

Mnamo Machi 31, 2024, kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilizima mitambo ya The Crew, mchezo wa mashindano ya magari uliotolewa mwaka wa 2014. Walioununua kwa fedha taslimu hawakuweza kuucheza tena, hata wale walioucheza peke yao.

Kuzimwa huko ndiko kulikozaa vuguvugu la kudai kwamba michezo isiuawe. Vuguvugu hilo, lililoanzishwa na Mmarekani Ross Scott, halizitaki kampuni ziendeshe mitambo milele. Linachotaka ni kwamba kampuni inapojiondoa, iuache mchezo katika hali inayowawezesha wanunuzi kuendelea kuutumia kwa njia zao. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipata saini zaidi ya milioni moja kufikia Julai 2025.

Kampuni zina majibu yake. Zinasema kwamba programu za seva mara nyingi huwa na sehemu zilizokodiwa kutoka kwa kampuni nyingine, hivyo haziwezi kugawiwa ovyo. Zinaongeza kwamba mji usio na msimamizi unaweza kugeuka kichaka cha walaghai, huku lawama zikielekezwa kwa mwenye jina.

Sheria nayo imeanza kusogea, ingawa polepole. Jimbo la California lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja bayana iwapo anachopewa ni leseni tu wala si umiliki. Tangu 2018, kanuni za hakimiliki za Marekani zimeziruhusu maktaba na makavazi kuhifadhi baadhi ya michezo ya mtandaoni iliyofungwa, kwa masharti makali.

Hatari ya kupoteza urithi huu si ya kufikirika. Utafiti uliotolewa mnamo 2023 na wakfu wa kuhifadhi historia ya michezo ya video nchini Marekani ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa huko kabla ya 2010 haipatikani tena kwa njia za kawaida za kibiashara.

Msomaji wa hapa Kenya asidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Vijana wanaonunua michezo, nyimbo au filamu kwa simu huingia katika mikataba ya aina ileile, ambayo aghalabu hukubaliwa bila kusomwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma anazolipia. Haki hiyo haina manufaa kwa asiyeuliza.

Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Mashabiki wa City of Heroes walijifunza ukweli wa msemo huo kwa uchungu. Walichokuwa wamekilipia kwa miaka mingi hakikuwa chao, na mwenyewe alipokitaka alikichukua.

Hata hivyo, wao pia wameonyesha mambo yanayoweza kuisaidia jamii ya aina hiyo kunusurika. La kwanza ni muda wa kutosha wa kuaga, kwa maana miezi mitatu waliyopewa ndiyo iliyowawezesha kuokoa walichookoa. La pili ni njia ya kuchukua kumbukumbu zao kabla milango haijafungwa. La tatu ni mahali pengine pa kukutania, pasipotegemea uamuzi wa kampuni ileile, na ndiyo sababu anwani zilizobadilishwa katika majuma yale ya mwisho zilikuwa na thamani kuliko joho lolote la shujaa.

Mji waliorudi kuishi watu hao tangu 2019 una mitaa ileile, na sanamu ya Atlas ingali imebeba dunia yake. Ila wakazi wake wanajua sasa ni nani anayelipia umeme, na kila mwezi huchanga.