Hesabu Meno Kabla ya Kununua Shafti

Wakulima wengi wa skimu hushirikiana kununua mashine ya kupukuchulia mahindi inayoendeshwa na trekta. Nguvu hutoka katika shafti fupi inayotokeza nyuma ya trekta. Shafti hiyo imechongwa meno marefu, nayo huingia katika tundu lenye meno kama hayo, ili kimoja kikizunguka na kingine kizunguke. Ukinunua isiyolingana, fedha ya mavuno imepotea. Ukiilazimisha, waweza kupoteza zaidi ya fedha.

Shafti za kawaida ni tatu. Ya kwanza ina meno 6 na unene wa milimita 35, nayo imekusudiwa kuzunguka mara 540 kwa dakika. Ya pili ina unene uo huo, lakini meno yake ni 21 na mwendo wake ni mara 1,000. Ya tatu ina meno 20 na unene wa milimita 45, nayo pia huzunguka mara 1,000. Basi usitazame unene peke yake.

Meno yalitofautishwa kwa sababu njema. Chuma kinachozunguka huvutwa kwenda nje, na mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto huo huongezeka mara nne. Mashine ya 540 ikizungushwa mara 1,000, mvuto huzidi mara tatu, na vyuma vyaweza kupasuka na kuruka. Kwa hiyo usimruhusu fundi akuchomelee kipande cha kuunganisha meno yasiyofanana.

Fikiri pia mzigo. Trekta ikitoa nguvu za farasi 40 kwa mwendo wa 540, kila jino katika yale 6 hubeba kama kilo 560, ikiwa yote yanashika sawasawa. Shafti ikiingia nusu tu, mzigo wote huo huelemea mahali padogo, na meno huliwa upesi. Sahani za breki za baadhi ya matrekta nazo hushikwa na meno ya namna hii. Kanuni ni ile ile.

Kabla ya kwenda dukani fanya hivi:

1. Zima injini, ondoa ufunguo, na ungoje kila kitu kisimame.
2. Futa grisi, tia chaki jino moja, kisha uhesabu mpaka ulirudie.
3. Bana shafti kati ya mbao mbili zilizonyooka, upime nafasi iliyo baina yake.
4. Tazama meno. Yakiwa yamechongoka, au shafti ikicheza ndani ya tundu, yamekwisha.
5. Andika idadi, unene na mwendo, umpe mwenye duka karatasi hiyo.

Ukiisha kufunga shafti mpya, rudisha kifuniko chake. Mara 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde moja. Nguo ikinaswa, hutapata nafasi ya kupiga kelele.